Lilianza Lini?

Mwanangu alizaliwa na kope safi. Nina uhakika, maana usiku ule wa kwanza sikulala, nilikaa nikimtazama. Siku ya kumi na mbili kikatokea kidoa chekundu juu ya jicho la kulia, ungedhani ameumwa na mbu. Alipofikisha miezi miwili kilikuwa nundu nyekundu inayong'aa, na jicho halifunguki lote.

Mama mkwe alisema nilitamani kitu nikiwa mjamzito nikanyimwa. Kwenye zahanati waliniambia ni uvimbe wa mishipa ya damu, utaisha wenyewe. Maelezo ya mama mkwe angalau yalikuwa na kisa ndani yake.

Daktari wa ngozi ndiye wa kwanza kuniuliza: "Mama, alizaliwa nalo, au lilitokea baadaye?" Nikatoa simu. Picha zote zilikuwemo, na tarehe zake. Alizitazama moja moja bila haraka.

Kumbe swali lile lina uzito. Mwaka 1982 Mulliken na Glowacki, watafiti wa Boston, walitenganisha magonjwa yaliyokuwa yakiitwa kwa jina moja. Hemanjioma ya watoto wachanga kwa kawaida hujitokeza wiki za mwanzo, hukua mbio kwa miezi kadhaa, kisha husinyaa taratibu kwa miaka. Mishipa iliyoumbika vibaya mtoto huzaliwa nayo, hata kama haijaonekana; hukua pamoja naye na haiondoki yenyewe. Nikamkumbuka kijana wa mtaani kwetu mwenye mdomo wa zambarau, aliyeambiwa tangu utotoni asubiri. Sasa ana ndevu.

Ya mwanangu ni hemanjioma, lakini hata yeye hakuwa wa kusubiri. Jicho la mtoto likizibwa, ubongo huacha kulitegemea, na uvimbe ukija kusinyaa uoni unaweza usirudi.

Alipimwa moyo, akaanzishiwa propranololi. Ni dawa ya zamani ya moyo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux waliandika kuhusu mtoto aliyepewa kwa ajili ya moyo, hemanjioma yake ikafifia. Nilionywa nimpe akiwa ameshanyonya tu, maana inaweza kushusha sukari mwilini. Akitapika au akikataa kunyonya, nisimpe, nipige simu.

Wekundu umeanza kuwa kijivu. Jicho la kushoto tunaliziba kwa saa mbili kila siku ili la kulia lifanye kazi. Analia sana. Mama mkwe ndiye anayemshika mikono asibandue plasta.