Tanuru Likizimwa, Mchomaji Ale Nini?



Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Makambako kwenda Mbeya wakati wa kiangazi, hutakosa kuona matanuru ya matofali. Yamesimama mabondeni na kando ya vijito. Mengine yamekandikwa udongo tayari kwa kuchomwa, mengine yanafuka moshi mchana na usiku. Nyumba zetu nyingi za nyanda hizi za juu zimetoka humo, na shule zetu, na zahanati zetu. Mimi ni mwashi, kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, na nyumba nilizojenga kwa tofali la kuchoma sasa siwezi tena kuzihesabu.

Siku hizi twaambiwa kwamba moshi ule unaharibu hali ya hewa ya dunia, na kwamba hatuna budi kujenga kwa njia nyingine. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini yako maneno mengine ya kweli vilevile, nayo husemwa mara chache: nyuma ya kila tanuru kuna watu wanaokula. Leo nataka tuyatazame mambo haya mawili pamoja, maana mtu akishika moja na kuliacha la pili atayaharibu yote mawili.

Kwanza tuutazame moshi wenyewe. Mti unapokua huvuta kutoka hewani ile iitwayo hewa ya ukaa, ukaihifadhi ndani ya shina na matawi yake. Ukiukata na kuuchoma, hewa hiyo hurudi juu. Ikizidi huko, hulifunika joto la dunia kama blanketi, na mvua zetu huanza kukosa adabu: huja kabla ya wakati, au huchelewa, au hunyesha zote kwa siku tatu. Ukipanda mti mwingine mahali pa ule uliokatwa, deni hulipwa polepole. Lakini miti ya miyombo inayokatwa porini kwa ajili ya matanuru ni wachache wanaoipanda tena. Kwa hesabu za Serikali, nchi yetu hupoteza mamia ya maelfu ya hekta za misitu kila mwaka. Kilimo ndicho kinachokula sehemu kubwa, mkaa na kuni hufuata, na tanuru lina sehemu yake.

Basi wengine husema: tupige marufuku tanuru, watu wajenge kwa tofali za saruji. Msomaji wangu, hapa ndipo napenda tusimame kidogo. Saruji nayo hutoka motoni. Mawe ya chokaa na udongo huchomwa pamoja kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Na zaidi ya moshi wa makaa au gesi inayowashwa, jiwe lenyewe hutoa hewa ya ukaa. Ukichoma kilo 100 za mawe safi ya chokaa mpaka yaive, utabaki na kilo 56 tu za chokaa; kilo 44 zimeruka hewani. Ndiyo maana wataalamu wanasema viwanda vya saruji vya dunia nzima hutoa kama asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa yote inayotokana na kazi za binadamu. Kwa wastani, mfuko mmoja wa kilo 50 unaoubeba begani umekwisha kutoa kama kilo 30 za hewa hiyo kabla hujaufungua.

Umeona sasa? Ukilizima tanuru la kijijini na kuleta lori la saruji, moshi haukwisha. Umehama tu, umekwenda kufukia kwingine ambako hatuuoni. Na kazi nayo imehama pamoja na moshi. Fedha iliyokuwa ikigawanyika kijijini kwa watu ishirini sasa inapanda lori na kurudi mjini.

Tuwahesabu basi watu hao, maana wapangaji wengi wa mambo hawawahesabu. Yuko mchimba udongo. Yuko anayeukanyaga. Wako akina mama wanaobeba maji kutoka kijitoni. Yuko mfyatuaji na kalibu yake, hulipwa kwa idadi ya matofali. Wako wanaoyageuza juani na kuyafunika nyasi mvua ikitishia. Wako wanaopanga tanuru, na hiyo ni kazi ya akili, maana tanuru likipangwa vibaya nusu ya matofali hutoka mabichi. Wako wakata kuni, wachomaji wanaokesha, na wapakiaji. Wengi wao hufanya kazi hii miezi ile ambayo shamba halina kazi, na fedha yake ndiyo ada ya shule, ndiyo mbolea ya msimu ujao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara wa mwezi kusema, "Waache tu kazi hiyo."

Iko njia ya tatu, nayo si ndoto. Wakala wetu wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi amefundisha kwa miaka mingi utengenezaji wa matofali ya kufungamana. Udongo huchujwa, huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa ndani ya mashine ya mkono yenye mpini mrefu, ukatoka tofali la urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100. Halichomwi. Huwekwa kivulini, hufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku kadhaa mpaka likomae. Lina meno na matundu, hata moja hukalia jingine bila mota nyingi.

Lakini sitaki kukuuzia mbuzi ndani ya gunia. Mimi nimelijenga tofali hilo, nami nasema lilivyo. Ukilitazama peke yake, saruji iliyomo si kidogo kama watu wanavyodhani. Mfuko mmoja hutoa matofali 70 hadi 100 tu, kutegemea udongo, na mita moja ya mraba ya ukuta hula matofali 33 hivi. Akiba kubwa iko kwingine: kuni hakuna kabisa, mota ni kidogo, na ukuta ukijengwa vizuri hauhitaji lipu. Kwa hiyo fundi mwoga anayezidisha saruji, na tajiri anayeupiga lipu ukuta ule ndani na nje kwa ajili ya fahari, wote wawili wameifukuza faida.

Sasa kazi je? Hapa napo tuseme kweli. Mchimba udongo atapata kazi, na mbeba maji, na mfyatuaji, na mpangaji. Mkata kuni na mchomaji hawatapata. Na mimi mwenyewe nitapungukiwa, maana katika nyumba moja fedha nzuri ya mwashi iko kwenye lipu. Ukuta usiopigwa lipu ni siku nyingi za mkate zimeondoka nyumbani kwangu. Silalamiki, nasema ili ujue kwamba mabadiliko haya yana bei, na kuna mtu anayeilipa.

Nimewahi kuona yakifanywa vibaya. Taasisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilijenga nyumba za walimu katika kijiji cha jirani. Walikuja na mashine ya injini, wakaja na vijana wao wanne kutoka mjini, wakafanya kazi wiki chache wakaondoka na mashine yao. Nyumba ni nzuri, sikatai. Lakini wafyatuaji wa kijiji kile walikaa chini ya mti wakitazama. Kiangazi kilichofuata walifanya nini? Waliwasha matanuru yao kama desturi, na miti ikakatwa kama desturi. Somo lilikuwapo, mwanafunzi hakuitwa.

Nimeona pia yakifanywa vizuri. Kikundi kimoja cha wachomaji, watu wazima kwa vijana, walichanga wakanunua mashine moja ya mkono. Walimtafuta fundi akawafundisha kupima udongo kwa kuutia katika chupa ya maji na kutazama mchanga unavyotuama chini na ufinyanzi juu. Watu watano walikuwa wakipata matofali mia tatu na zaidi kwa siku. Aliyekuwa mkata kuni alipewa kazi ya kuchuja udongo. Aliyekuwa mchomaji ndiye aliyekabidhiwa ukomazaji, kwa sababu alizoea kukesha na kuangalia. Sasa anaangalia maji badala ya moto. Hakuna aliyefukuzwa. Mashine ilikuwa ileile. Waliokabidhiwa mpini ndio waliokuwa tofauti.

Kwa hiyo, msomaji, neno langu ni hili: atakayebadili ujenzi aanze na mtu anayejenga sasa. Wakubwa wa dunia wamekwisha kulikubali neno hilo kwa maandishi. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unataja katika utangulizi wake kwamba mabadiliko lazima yawe ya haki kwa wafanyakazi, na kazi za staha ziundwe. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hilo. Lakini karatasi ya Paris haitamfikia mchomaji wa Igawa isipokuwa halmashauri yake imeisoma kwa niaba yake.

Halmashauri yaweza kufanya nini? Kwanza, iagize kabla ya kukataza. Mwaka 2021 Serikali ilianza mpango wa kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, na mafundi wa vijijini walipata kazi nyingi. Fikiri, kama hata sehemu ndogo ya madarasa kama hayo ingeagizwa kwa matofali ya mashine ya mkono, yaliyofyatuliwa palepale, vikundi vingapi vingesimama! Mtu huacha njia ya zamani kwa hiari akiiona pesa katika njia mpya.

Pili, itazame mikopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nayo ni sheria njema. Lakini mchomaji wa miaka 55 si kijana, si mwanamke, wala hana ulemavu. Moto umempa macho mekundu na ujuzi wa miaka thelathini, na hakuna dirisha la kumhudumia. Yafaa litafutwe.

Tatu, ujuzi wake uandikwe. VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazini na kumpa cheti. Wapimaji waende bondeni kwenye matanuru, wasingoje yeye aje mjini.

Nne, tusiwe na haraka ya kupita kiasi. Asiyeweza kununua mashine leo aweza kubadili kuni leo. Kule Usangu na Kyela wako wanaochoma matofali kwa pumba za mpunga. Pumba nazo hutoa hewa ya ukaa, lakini mpunga wa mwaka ujao huivuta tena, na hakuna mti ulioanguka. Kazi yote hubaki kama ilivyo. Mwenye shamba la mikaratusi, akate yake na apande upya. Hatua hizi ni ndogo, lakini mtu aweza kuzipiga bila kumwuliza mtoto wake alale na njaa.

Na viwanda vya saruji navyo vina sehemu yao. Jivu la volkeno likisagwa na kuchanganywa, hupunguza kiasi cha mawe ya kuchoma. Warumi wa kale walijenga kwa jivu la namna hiyo, na baadhi ya majengo yao yangali yamesimama. Sisi tulio chini ya mlima Rungwe tunalikanyaga kila siku.

Nawe unayejenga nyumba yako, usidhani hayo ni ya wakubwa tu. Kabla ya kununua tofali, uliza limechomwa kwa nini. Kabla ya kuajiri, uliza nani wa kijijini aweza kuifanya kazi hiyo. Usijenge vyumba sita kwa watu wanne. Na kama nyumba ya marehemu baba yako ina ufa, mwite fundi auzibe kabla hujafikiri kuibomoa. Ukuta wa zamani ukitengenezwa, hakuna tanuru lililowashwa wala mfuko uliofunguliwa isipokuwa mmoja au miwili, na karibu fedha yote imekwenda mikononi mwa mtu badala ya kwenda dukani. Katika kazi zote za ujenzi nizijuazo, hiyo ndiyo yenye moshi mdogo na kibarua kikubwa.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mchomaji matofali anaujua mbacha wake. Ni mchakavu, una moshi, lakini ndio anaoulalia. Ukitaka autupe, mtandikie kwanza mwingine, naye aushike kwa mikono yake na kuona kwamba ni wake. Kiangazi kijacho hakiko mbali, na magogo yameanza kurundikwa.