Programu inayotaja aina za nyota zilizolipuka

Leo naweka kando PHP na hifadhidata. Majuma mawili sasa usiku wangu umeliwa na programu moja iitwayo SNID, ambayo Stéphane Blondin na John Tonry waliieleza katika makala ya mwaka 2007. Imeandikwa kwa Fortran (naam, Fortran!). Kazi yake ni moja: unaipa spektra ya supanova, yaani nyota iliyolipuka, nayo inakuambia ni ya aina gani.

Spektra ni mwanga uliotandazwa kama upinde wa mvua, kisha ukachorwa kama grafu. Kila elementi humeza sehemu yake ya mwanga na kuacha bonde kwenye grafu. Mwaka 1941 Rudolph Minkowski aligawa supanova mara mbili: zisizo na haidrojeni ni aina ya I, zenye haidrojeni ni aina ya II. Baadaye aina ya I ikapasuliwa tena: silikoni ikionekana wazi ni Ia, heli ikionekana ni Ib, zote mbili zikikosekana ni Ic.

Mbona tujisumbue na herufi hizi? Kwa sababu mng'ao wa Ia waweza kusawazishwa ukatumika kupima umbali. Ndivyo timu mbili zilivyogundua mwaka 1998 kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka, na Perlmutter, Schmidt na Riess wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Ic moja ikijipenyeza kwenye orodha ya Ia, umbali unaopigwa kutokana nayo ni wa uongo.

Sasa wewe mwanaprogramu utasema: rahisi, andika sharti moja, "kama kuna silikoni, basi Ia". Jaribu uone. Maabarani mstari huo wa silikoni uko kwenye angstromu 6355. Kwenye Ia bonde lake huonekana karibu na 6150, kwa kuwa gesi inatujia kwa kasi ya kilomita 9,700 hivi kwa sekunde. Halafu galaksi yenyewe inatukimbia, na hiyo inasukuma mistari yote upande wa pili, kuelekea nyekundu. Kwa hiyo hujui bonde ulitafute wapi.

Hapa ndipo nilipoipenda SNID. Galaksi inapotukimbia, kila urefu wa wimbi huzidishwa kwa namba ileile. Mnakumbuka jedwali za logi tulizobeba sekondari? Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Basi chora grafu kwa logi, na spektra nzima inahama hatua moja bila kubadilika umbo. Programu inafuta kwanza mteremko wa jumla wa grafu, yabaki mabonde na vilima tu (vumbi la njiani halina tena nguvu ya kuidanganya sana), kisha inaitelezesha spektra juu ya kila kiolezo kilichomo maktabani mpaka zishikane. Inakupa aina, inakupa kiasi cha kuhama, na alama iitwayo rlap. Kwa kawaida chini ya 5 haiaminiwi.

Nimeilisha spektra za SN 2011fe na ikasema Ia bila kusita. Lakini kumbuka, haifahamu silikoni ni nini. Inalinganisha tu. Ondoa Ia zote maktabani, na kamwe haitatamka Ia.

Wanadamu nao yaliwapata. Februari 2006 darubini ya Hubble ilinasa kitu kilichoitwa SCP 06F6. Kilipanda mng'ao kwa siku 100 hivi, kisha kikafifia. Spektra yake haikufanana na chochote. Waliokigundua walipochapisha mwaka 2009 hawakuweza kusema hata kama kiko ndani ya galaksi yetu au nje. Wengine waliona dalili za kaboni wakakisia umbali ambao mwanga huuvuka kwa chini ya miaka bilioni 2. Mwaka 2011 Robert Quimby na wenzake walipanga pamoja milipuko mingine ya ajabu, ikiwemo SN 2005ap, na SCP 06F6 ikaingia kwenye mstari: mwanga wake ulisafiri zaidi ya miaka bilioni 8. Mabonde yale yalikuwa ya mwanga wa urujuanimno, uliovutwa na safari mpaka ukaonekana kwa rangi za kawaida. Ilikuwa jamii mpya ya supanova zenye mng'ao wa kupindukia.

Na sasa kuna darubini ya Rubin kule Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025. Inatarajiwa kunasa mamilioni ya supanova katika miaka 10, na nyingi hazitapimwa spektra kamwe. Aina zake zitakisiwa kutokana na jinsi zinavyong'aa na kufifia, kwa programu zilizofunzwa kwa zile chache zenye spektra.

Wenye haraka wajaribu DASH ya mwaka 2019, ni Python na hutumia mtandao wa neva. Ni ya kasi. Mimi bado nabaki na SNID, maana inanionyesha kiolezo ilichochagua kando ya spektra yangu, nami naweza kutazama na kukataa.