Chupa Niliyoificha

Hivi karibuni niliwaalika marafiki wanne kwa chakula cha jioni: kamba wa pilipili na pweza wa nazi. Mezani niliweka mvinyo mweupe wa Ufaransa, mkali, usio na utamu, wa bei ya kujionesha. Chupa ya Dodoma niliificha jikoni. Mimi, ninayewahubiria wanafunzi kujitegemea kila muhula!

Pilipili haijali majina makubwa. Kilevi huuchochea moto wake. Sukari kidogo ndiyo huutuliza. Tulikunywa, tukatokwa jasho, tukasifu kwa unafiki. Rafiki yetu asiyekunywa pombe alikuwa ametulia na bilauri yake ya ukwaju.

Hatimaye mmoja alikwenda kutafuta maji, akarudi na ile chupa ya Dodoma. Ilikuwa baridi, yenye utamu wa kiasi. Iliisha kabla ya kamba.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini niliificha. Jibu nalijua, wala halihusu mvinyo. Uhuru tuliupata mwaka 1961. Lakini mbele ya wageni wangu niliionea haya zabibu ya mkulima wetu, hata kabla ya kuionja.