Wadaiwa wa Shangazi

Zamani safari ya Mwanza kwenda Geita ilikuwa na kituo cha lazima. Ulifika Kigongo, ukasubiri kivuko, ukala samaki wa kukaanga na kusikiliza habari za watu usiowajua hadi zamu yenu ifike. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, na kilomita zake tatu hadi Busisi zilikwisha nikiwa bado natafuta chenji mfukoni. Shangazi angelisifu, kisha angenung'unika. Kwenye foleni ile ndiko alikopatia wateja wake wengi.

Nilikuwa nakwenda Nkome kumaliza msiba wake. Stendi ya Geita niliingia kwenye mchomoko, tukabanana wanne kiti cha nyuma, ndoo ya mtu mapajani mwangu, tukashika njia ya Nzera. Abiria wawili walibishana juu ya bei ya dhahabu kama wengine wanavyobishana juu ya Simba na Yanga. Mgodi mkubwa ulioanza kuzalisha mwaka 2000 uko ndani ya uzio wake; inayozungumzwa kwenye magari ni dhahabu ya maduara ya wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa, ya makarasha yanayosaga mawe na ya marudio, mchanga unaochenjuliwa upya, ile ambayo mtu wa kawaida anaweza kuipata leo na kuimaliza kesho.

Shangazi naye alipita huko. Babu alikuwa na wake wanne, na watoto wa mji wake walikula kwa makundi kama wanafunzi wa bweni. Vijana wa kiume walipoaga kwenda Mwanza kutafuta maisha, wazee waliwapa baraka na nauli. Binti alipoaga, wazee waliitisha kikao. Kikao kilipomalizika yeye alikuwa ameshafika Sengerema.

Nyarugusu hakuruhusiwa kusogelea mdomo wa duara, maana wachimbaji wengi waliamini mwanamke hufukuza dhahabu. Akapika wali na maharage pembeni, akawakopesha haohao waliomfukuza, na dhahabu ikamfuata sahani kwa sahani. Sangara walipofurika ziwani miaka ya 1980, akageukia maji. Alinunua, akachuuza, akalala visiwani, akarudi na hadithi ambazo sisi watoto tuliziamini zote.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Rubondo, kisiwa kilicho ng'ambo ya Nkome, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Kati ya 1966 na 1969 mhifadhi wa wanyamapori Bernhard Grzimek alipeleka huko sokwe 17 kutoka Ulaya, wanyama waliokuwa wamezoea vizimba na kulishwa kwa mkono. Waliachiwa tu msituni, wakajifunza wenyewe kula na kujenga viota, wakazaana. "Mnaona?" alikuwa akituambia. "Hata wao hawakuitisha kikao."

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, kaka zake walimkataza kabisa kusafiri majini. Alitii mpaka giza liliporudi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi inapong'aa mitumbwi hupumzika, na kwa hesabu yake hata katazo la kaka lilikuwa la mbalamwezi tu.

Nkome ilinipokea kwa harufu ya dagaa walioanikwa na salamu za "mwadila" kutoka kila mkeka. Baada ya sala na chakula, Baba Mkubwa alisimama kama desturi inavyotaka. "Anayemdai marehemu aseme. Na anayedaiwa asijifiche."

Nilijua tungelipa. Mtu asiyetulia, tuliyezoea kumzungumza kama aliyepotea, angeacha nini zaidi ya madeni? Akasimama mama mmoja: nyavu alizokopeshwa alipofiwa na mume. Mwingine: ada ya mwanawe wa kidato cha nne. Mzee mmoja alitaja injini ya mtumbwi, akaomba apewe mpaka msimu ujao. Mama aliyetoka Nyarugusu alisema yeye anadaiwa mtaji wa sufuria mbili na gunia la mchele, na kwamba amekuja na nusu. Walisimama mfululizo, na mimi nikaacha kuwatazama wao, nikaanza kuutazama ukoo wetu mkubwa uliokaa kimya mkekani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewafahamu.

Kikazuka kikao kingine. Baba Mkubwa alitaka fedha zikusanywe zijengee kaburi. Shangazi Mdogo akasema dada yake hakuwahi kumdai mtu kwa kumfuata nyumbani, na hatutaanza sisi. Mimi nilikuwa upande wake, ingawa mpwa haulizwi katika mambo kama hayo.

Ndipo Shangazi Mdogo akafungua daftari la marehemu, akapekua hadi mwisho. Shangazi mwenyewe alidaiwa na mtu mmoja tu, mshona nyavu wa Izumacheli, ambaye hakufika.

"Huyo alipwe kwanza," Baba Mkubwa akasema. "Nani atakwenda?"

Wajomba na binamu wakazikumbuka simu zao.

"Boti inaondoka saa ngapi?" nikauliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi," Shangazi Mdogo akanijibu, akianza kuhesabu noti. "Beba sweta, baba. Na ukifika usimpe mwanawe, mpe mwenyewe."