Chumba cha Dereva Kwanza

Mwingi, Kitui

Kwa mwana wa dada yangu,

Mvua imeshika vizuri huku nyumbani, ndengu zimeanza kutoa maua, na mbuzi wa nyanya yako wamerudi kuiba majani kwenye shamba la jirani kama kawaida yao. Mama yako amenipigia simu. Anasema umepata nafasi ya gitaa la solo katika bendi ya benga, na kwamba Desemba nzima mtakuwa njiani: Matuu, Mwingi, Kyuso, Tseikuru, kisha mshuke Kitui na Mutomo hadi Kibwezi, mmalizie Mombasa kwa Wakamba wa Changamwe. Aliniomba nikukataze.

Sikukatazi. Ninakujua tangu ukifunga waya wa breki ya baiskeli kwenye debe la mafuta upate gitaa. Ukikatazwa utatoroka, na utatoroka bila nasaha, jambo ambalo ni baya zaidi. Mimi nilipiga besi ujanani, na kwa kuwa mpiga besi hatazamwi na mtu, ndimi niliyeachiwa daftari na funguo za gari. Kwa hiyo ninachokuandikia nimekiona kutoka nyuma ya jukwaa.

Habari za pombe na wasichana sitazigusa. Mama yako atakuhubiria hizo, tena kwa ufasaha kunishinda. Nataka kukuambia habari za usingizi.

Watu hudhani bendi husafiri bila kulala kwa sababu wanamuziki wanapenda usiku. Uongo. Bendi husafiri bila kulala kwa sababu ya mapatano mabovu yaliyofanywa mchana. Kiongozi wenu anampigia simu mwenye klabu, wanakubaliana kwamba kiingilio ni chenu na mauzo ya vinywaji ni yake. Hapo wote wawili wanafurahi. Hakuna aliyetaja kitanda. Mnapiga kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kisha mnakaa kuhesabu. Utaona mwenyewe: noti za hamsini na za mia zilizolowa jasho zinapangwa juu ya kasha la spika, sarafu zimo kwenye kofia, na mwenye klabu anaeleza kwa nini watu waliojaa ukumbi ni wengi kuliko pesa zilizopita mlangoni. Wengine waliruka ukuta. Wengine ni jamaa zake. Mkimaliza kubishana kumekucha, vyombo ni vya kukodi na vinatakiwa mahali, gari ni la mtu, na usiku huohuo mnangojewa mji mwingine. Basi mnapanda. Hakuna aliyelala, hata dereva, kwa sababu naye alikuwa ukumbini akitafuna muguka na kutazama watu wakicheza.

Na barabarani ndiko bendi zinakofia. D. O. Misiani, ambaye wengi humwita baba wa benga, alifariki Mei 2006 katika ajali ya barabarani Kisumu. Machi 2011 kundi la Five Stars Modern Taarab la Dar es Salaam lilikuwa likirejea usiku kutoka ziarani, gari likapata ajali Mikumi, mkoani Morogoro, wakafa watu 13. Kundi lililokuwa likijaza kumbi lilipoteza wanamuziki wengi kwa usiku mmoja.

Na la hapa kwetu huhitaji kuambiwa, ulikuwa tayari na akili. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya wa Mwingi pamoja na jamaa zao waliokuwa wakienda arusini Nuu lilisombwa na mto Enziu. Walikufa zaidi ya watu 30. Ilikuwa mchana kweupe, watu wamesimama kando ya mto wakitazama. Kwaya nayo ni bendi: ina sare zake, ina ratiba yake, na ina watu wanaoingojea. Unafahamu mito yetu ilivyo. Miezi mingi ni mchanga mtupu, wanawake wanachimba visima ndani yake na punda wanapita. Mvua inanyesha milimani, mbali, wewe hapo ulipo jua linawaka, na maji yanafika bila kubisha hodi. Mwezi wa arusi na sherehe ndio huohuo mwezi wa mito kujaa. Mkifika mtoni mkaona maji yamepanda juu ya barabara, shukeni. Bwana arusi atakasirika. Mwacheni akasirike.

Sasa nikuambie la kufanya, maana wewe ni mgeni katika bendi na mgeni hapewi usukani. Usianze kuwafundisha wakubwa wako. Lakini kabla ya safari ya kwanza, mtakapokaa kuzungumza malipo, uliza swali moja tu kwa adabu: tutalala wapi? Wakicheka, uliza tena. Mficha uchi hazai. Mwenye klabu anayeweza kulipia mabango na mtu wa kutangaza kwa kipaza sauti juu ya gari hashindwi kutoa vyumba vitatu. Vitatu vinatosha. Cha kwanza ni cha dereva, peke yake. Cha pili ni cha waimbaji wa kike, na kiwe na kufuli linalofungwa kwa ndani. Wanawake wameibeba benga ya Ukambani kwa muda mrefu. Kalambya Sisters walifikisha wimbo wao "Katelina" hadi Ulaya. Hakuna sababu ya mwimbaji kusinzia kwenye kiti cha plastiki huku walevi wakimpita. Cha tatu jazaneni ninyi wengine. Godoro moja watu watatu si aibu.

Si jambo geni ninalolitaka. Mama yangu, nyanya yako, alikuwa mpiga ngoma ya kilumi. Walipoitwa mbali walicheza hadi alfajiri, lakini aliyewaita alijua kwamba kuita ngoma ni kuita matumbo na migongo pia. Walipewa uji, wakatandikiwa, wakalala hadi jua limeinama. Hakuna aliyethubutu kuwaambia wafunge ngoma waondoke gizani. Sijui ni lini tulianza kuona kwamba mtu mwenye gitaa la umeme anahitaji kulala kidogo kuliko mwanamke mwenye ngoma ya ngozi.

Dereva wenu mpendeni kuliko mwimbaji. Ale kwanza, kabla ya vyombo kushushwa. Muziki ukianza, yeye yuko kitandani, simu imezimwa, funguo ziko kwa mtu mwingine asiyekunywa. Dereva anayekesha ukumbini ana kiherehere cha densi, hana kazi ya udereva. Na asipokee tunzo kutoka kwa mashabiki, maana bia ya shabiki ni ngumu kuikataa.

Barabara ya Thika kwenda Garissa inakudanganya kwa uzuri wake. Lami ni laini, imenyooka, na kutoka Nairobi hadi hapa Mwingi ni kama kilomita 170 tu, hivyo kila mtu anasema tutafika mara moja. Lakini ukishapita Mwingi kuelekea Nguni na Ukasi, usiku utakuta punda waliofunguliwa kamba, na utakuta ngamia. Punda anaweza kukimbia. Ngamia anasimama, ana miguu mirefu, na mwili wake wote uko usawa wa kioo cha mbele.

Jifunze pia kupakia. Usiwaachie vijana wa kubeba. Amplifaya ikae juu ya godoro, spika zifungwe blanketi, jenereta iwe nyuma kabisa na tangi lake limefungwa vizuri, na pasiwe na kitu kizito juu ya vichwa vya watu. Nimewahi kuona gari lililofunga breki kidogo tu, kwa ajili ya mbuzi, na kasha la spika likamvunja mtu bega. Gari halikuwa na hata mkwaruzo.

Kuhusu fedha. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika bendi huisha pamoja na urafiki. Uliza mapema mwenye vyombo anachukua fungu gani, kwa sababu kila bendi ina desturi yake na ugomvi mwingi huanzia hapo. Kisha shawishi, polepole, pesa za mafuta na za vyumba zitolewe juu kabla ya mtu yeyote kugawiwa. Zikishaingia mifukoni hazirudi. Tunzo nazo zina mambo. Shabiki atakuja mbele na noti ili jina lake litajwe ndani ya wimbo, na jina la mkewe, na la duka lake la mbolea. Litajeni, si dhambi, ndiyo benga yetu. Ila mjue mapema kama noti hiyo ni ya aliyelitaja au ni ya wote. Na nyimbo utakazotunga ukiwa njiani zisajili kwa jina lako kabla hazijawa za kila mtu.

Utaambiwa na vijana wenzako kwamba siku hizi haya yote hayana maana, kwamba wimbo unawekwa kwenye intaneti na unasikika Dubai kabla ya chakula cha mchana. Unasikika, ndiyo. Musyi FM inaupiga, matatu zinaupiga. Lakini waulize wanaopigwa redioni wanakula nini. Wanakula cha mlangoni, kama tulivyokula sisi. Kakai Kilonzo na bendi yake ya Les Kilimambogo Brothers walipoanza kuimba Kiswahili miaka ile ya sabini na themanini, hawakuuza santuri tu. Walijifungulia miji ambako hakuna aliyejua Kikamba. Kakai aliaga dunia 1987, kijana bado, na nyimbo zake zingali zikiombwa arusini. Beba nyimbo mbili tatu za Kiswahili. Changamwe hawatakuwa Wakamba peke yao.

Jambo la mwisho ni jina. Tazama bendi zetu zilivyojiita: Kilimambogo, Kyanganga, Lower Mbooni. Walijivika mahali walikotoka, wakaongeza Boys au Brothers, wakaondoka. Jina la namna hiyo lina deni. Mkiacha bili ya chakula Kyuso, watakaotajwa ni watu wa kijiji kizima, wakiwemo wazee ambao hawajawahi kushika gitaa.

Mkija huku, nyumba yangu unaijua, ile baada ya kituo cha mafuta. Mikeka ipo na muthokoi haukosekani. Piga simu mkiwa Matuu, hata kama ni saa tisa usiku, nami nitafungua lango gari liingie ndani. Mwambie dereva kwamba kitanda changu ni chake, na kwamba hamtaondoka hapa kabla ya saa nne asubuhi. Akikataa, nipe simu niongee naye mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako.