Mjumbe Hauawi

Msafiri asimamaye Kibirizi, kaskazini kidogo ya bandari ya Kigoma, siku ambayo ukungu umeondoka, huiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mashua za mbao hupakia na kupakua, wachuuzi hubishana bei kwa Kiswahili, na mgeni hawezi kujua yupi ni wa upande huu na yupi wa upande ule. Ukifika Ujiji utaonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na wageni wengi hutosheka na hayo. Lakini waulize wenyeji asili yao: wengi watakuambia kuwa mababu zao ni Wamanyema, waliovuka ziwa kutoka Kongo. Basi vita vya Kongo, kwa watu wa Ujiji, si habari ya redioni tu. Ni habari ya jamaa.

Ndiyo maana mji wa Kigoma, ingawa si mji mkuu wa nchi, una balozi ndogo mbili, ya Kongo na ya Burundi. Kazi ya nyumba hizo si ya fahari. Humo hutolewa ruhusa ya kuvuka mpaka, husaidiwa aliyepotelewa na pasi, na mwenye shehena ya Kalemie au Uvira hujua pa kuuliza. (Dola ngeni si jambo jipya hapa: kwa mapatano ya mwaka 1921 Waingereza waliwakodisha Wabelgiji sehemu ya bandari ya Kigoma kwa faranga moja kwa mwaka!)

Sasa, ndugu msomaji, tazama yaliyotokea Kinshasa, mji mkuu wa Kongo, ulio mbali sana magharibi. Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kuwa husaidiwa na jeshi la Rwanda, waliingia Goma. Kesho yake makundi ya watu Kinshasa yalizishambulia balozi za Rwanda, Uganda, Kenya, Ufaransa, Ubelgiji na Marekani, na ubalozi wa Kenya ukaporwa. Uchungu wao ulikuwa wa haki, kwani ndugu zao walikuwa wakiuawa na mataifa makubwa yakitoa maneno matupu. Lakini moto ule haukumrudisha nyuma hata mwasi mmoja. Katikati ya Februari, Bukavu nayo ilitekwa. Na mlango wa ubalozi ukivunjwa, waziri aliye Paris hakosi usingizi. Hukosa usingizi mwanafunzi aliyeiacha pasi yake mezani humo.

Sisi Waislamu tunalo fundisho la zamani katika jambo hili. Wajumbe wa Musaylima mwongo walipomjia Mtume (s.a.w.), maneno yao yalistahili adhabu, hata hivyo waliondoka salama, kwa kuwa mjumbe hauawi. Naye mjumbe wa Mtume, al-Harith bin Umair, alipouawa katika nchi ya Sham mwaka wa 8 wa Hijra, damu yake ilizusha vita vya Muta. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 umeliandika neno hilo kwa lugha ya wanasheria: ni juu ya serikali mwenyeji kuulinda ubalozi, hata wa adui yake.

Na adui hasemeshwi bila mjumbe. Kongo ilikuwa imekwisha waita nyumbani wanabalozi wake kutoka Kigali. Hata hivyo tarehe 8 Februari wakuu wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini walikutana Dar es Salaam kwa ajili ya vita hivyo, na tarehe 27 Juni mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano Washington, yaani katika mji mkuu wa dola ile ile ambayo ubalozi wake ulishambuliwa miezi mitano kabla. Mapatano hayakuvizima vita. Mwezi wa Desemba waasi waliingia Uvira, mji ulio ukingoni mwa ziwa hili hili, na maelfu wakakimbilia Burundi. Katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, wamezaliwa na kukua vijana wa Kikongo wasioijua Kivu ila kwa kusimuliwa na wazee wao.