Kwa Baiskeli Katika Bonde la Loire

Loire ndio mto mrefu kupita mito yote ya Ufaransa. Urefu wake wazidi kilomita 1,000. Hutoka katika milima ya kusini, huenda kaskazini, kisha hugeuka kuelekea magharibi hata ukaingia katika Bahari ya Atlantiki. Katikati ya mwendo wake hupita katika bonde pana lenye mizabibu, ngano na bustani, na katika bonde hilo wafalme wa zamani walijijengea majumba. Mwezi wa Septemba, mwaka 2019, mimi na mwalimu mwenzangu tulipita huko kwa baiskeli muda wa siku saba, toka mji wa Blois hata mji wa Saumur. Nataka kuwaeleza tuliyoyaona, na hasa habari za jiwe moja jeupe, maana jiwe hilo lilinifundisha kuliko majumba yenyewe.

Kwanza mjue jinsi tulivyosafiri. Kando ya mto huu Wafaransa wametengeneza njia ya baiskeli, urefu wake wapata kilomita 900. Mahali pengi njia hupita juu ya tuta kubwa lililojengwa tangu zamani ili kuzuia mafuriko. Mto huu huonekana mpole, una visiwa vya mchanga na ndege weupe, lakini ukifurika ni mkali. Katika vijiji vingine tuliona alama zilizochongwa ukutani, kuonyesha maji yalipofika mwaka 1846, na 1856, na 1866. Na alama nyingine zilikuwa juu ya kichwa changu.

Kila mmoja wetu alikuwa na mikoba miwili iliyofungwa nyuma ya kiti, na ndani yake nguo, koti la mvua, pampu, na viraka vya kuzibia mpira ukitoboka. Huko watu huendesha upande wa kulia wa barabara, wala si wa kushoto kama kwetu, basi siku ya kwanza, kila tulipofika njia panda, mwenzangu alipaza sauti, "Kulia, ndugu, kulia!" Hatukwenda mbio. Kilomita 40 kwa siku zilitutosha, maana aendaye kwa motokaa huona mji alikotoka na mji aendako, bali aendaye kwa baiskeli huona na yale ya katikati.

Asubuhi tulinunua mkate katika duka la mwokaji, mkate mwembamba mrefu kama mkono wa mtu, wenye ganda gumu na moyo mwororo. Tulinunua na jibini ya maziwa ya mbuzi, ambayo katika nchi ile hufanyizwa kama gogo dogo na kupitishwa unyasi mmoja katikati. Nikaona desturi iliyonipendeza: hapana mtu aingiaye dukani akaomba kitu kabla hajawasalimu waliomo. Aombaye bila salamu huhesabiwa kuwa hana adabu, kama ilivyo kwetu.

Siku ya pili tulifika Chambord. Jumba hili lilianzwa kujengwa mwaka 1519 kwa amri ya mfalme Francois wa Kwanza. Limezungukwa na msitu, na msitu umezungukwa na ukuta wa kilomita 32. Katikati ya jumba mna ngazi ya ajabu, yaani ngazi mbili zinazozungukana kama nyuzi mbili za kamba. Mmoja akipanda kwa hii na mwenziwe akishuka kwa ile, hawakutani njiani, ila huonana tu katika madirisha ya katikati. Nasi tulijaribu, tukacheka kama watoto. Lakini mfalme mwenyewe alikaa humo majuma machache tu katika maisha yake yote. Nilipotazama kuta zile nyeupe, zilizochongwa kama mtu achongavyo mti laini, nikauliza moyoni, Jiwe jingi namna hii lilitoka wapi? Nalo shimo lake li wapi? Pale penyewe sikuliona.

Toka hapo tulifuata mto hata Amboise. Katika mji huu alikaa Leonardo da Vinci, mchoraji mkuu wa Italia, aliyealikwa na mfalme huyo huyo. Alikuja mwaka 1516 akiwa mzee, naye alifariki huko tarehe 2 Mei 1519. Alipokuja alichukua picha yake ya mwanamke anayetabasamu kidogo, iitwayo Mona Lisa. Miaka mingi baadaye, vita vilipokaribia mwaka 1939, picha hiyo iliondolewa Paris na kufichwa katika jumba la Chambord ili isiharibiwe. Basi jumba ambalo mfalme hakulikaa likawa hifadhi ya kitu kilicholetwa na mgeni wake.

Siku ya nne tulipita msituni hata mto Cher, nasi tukaona jumba la Chenonceau. Jumba hili limejengwa juu ya maji, kwa maana sehemu yake ni ukumbi mrefu juu ya daraja. Katika vita vya 1914 hata 1918 ukumbi huo ulikuwa hospitali ya askari waliojeruhiwa. Kisha mwaka 1940 Wajerumani waliishika sehemu kubwa ya Ufaransa, na mto Cher ukawa mpaka: ng'ambo moja walitawala Wajerumani, na ng'ambo ya pili hawajafika bado. Mlango wa mbele wa jumba ulikuwa upande wa Wajerumani, na mlango wa mwisho wa ukumbi ulifungukia upande wa pili. Watu waliokuwa wakitafutwa walivushwa humo kwa siri, wakaokoka. Nilitembea katika ukumbi ule toka mwanzo hata mwisho. Si mwendo mrefu. Mtoto aweza kuukimbia bila kuchoka. Lakini kwa watu wale ulikuwa mwendo wa toka mauti hata uzima.

Siku iliyofuata mpira wangu ulitoboka katika kijiji kidogo. Mwenzangu alipokuwa akibandika kiraka, nilikaa chini ya mnara wa jiwe uliosimama karibu na kanisa, nikasoma majina yaliyoandikwa juu yake. Minara ya namna hii imo karibu katika kila kijiji cha Ufaransa. Ni majina ya wanakijiji waliokufa katika vita vya 1914 hata 1918, maana Wafaransa waliokufa vitani walizidi milioni moja na laki tatu. Kijiji kile hakikuwa na nyumba nyingi, bali majina yalikuwa mengi. Na jina moja la ukoo lilirudiwa mara tatu. Nikajua ya kuwa mama mmoja, au mabibi wa ukoo mmoja, walilia mara tatu. Katika majumba yote tuliyopita niliona majina ya wafalme na malkia tu. Hapa kwanza niliona majina ya wakulima yamechongwa katika jiwe.

Hata siku ya mwisho, tulipokaribia Saumur, tuliona jambo geni. Upande wa kushoto wa njia palikuwa na jabali jeupe, refu kama ukuta, na katika jabali mlikuwa na milango na madirisha yenye mapazia, na juu yake mabomba ya kutolea moshi yalitokeza katikati ya mizabibu. Zilikuwa nyumba za watu. Mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia maua mlangoni pake alituona tumesimama tukishangaa. Tukamsalimu, naye akatukaribisha ndani, akatupa maji ya kunywa. Nje jua lilikuwa kali, bali mle ndani palikuwa na ubaridi mzuri. Alituambia kwamba wakati wa baridi kali ndani hukaa vivyo hivyo, maana jabali halipati joto upesi wala halipoi upesi. Nikapapasa ukuta, nikaona alama za sululu, mstari baada ya mstari.

Nikamwuliza, "Baba, nani aliyechimba nyumba hii?"

Akajibu, "Wachimba mawe. Majumba mnayokuja kuyatazama yalitoka katika mashimo kama haya. Watu hupita mlangoni pangu wakiuliza njia ya kwenda kwenye jumba, nao hawajui ya kuwa wamesimama mahali lilipotoka."

Hapo nikapata jibu la swali langu la Chambord. Jiwe lile, ambalo Wafaransa huliita tuffeau, ni laini linapochimbwa. Watu wa bonde lile walilikata kwa sululu gizani, wakalipakia katika mashua pana zisizohitaji maji mengi, likachukuliwa mtoni hata mahali pa kujengea. Jiwe likawa jumba la tajiri, na shimo likawa nyumba ya maskini. Na mashimo yaliyobaki hayakutupwa: mengine ni ghala za mvinyo, na mengine hupandwa uyoga mpaka leo.

Enyi wanafunzi, majina ya wenye majumba yale yameandikwa vitabuni, bali hapana ajuaye majina ya wachimbaji. Hawakuacha ila alama za sululu ukutani. Lakini jiwe ni lile lile, na mkono uliolikata ulikuja kabla ya mkono uliolipamba. Basi mtakapoona jengo kubwa popote, likiwa kanisa, au msikiti, au daraja, au shule yenu wenyewe, lisifuni kama linastahili. Kisha ulizeni jiwe lake lilichimbwa wapi, na nani alilichimba. Na shimo lake likiwa karibu, nendeni mkalitazame nalo.